Vipande Elfu Mbili Vilivyokataliwa

Saa mbili asubuhi, fundi wa kompyuta anafungua dirisha la karakana yake na, kabla hata ya kufagia, anaweka kiganja juu ya kompyuta iliyo mezani. Anasikiliza feni. Mashine haijapata moto. Ndipo anaponivutia kiti.

Hadi hivi karibuni meza hii ilibeba kompyuta sita za kuungaunga, moja haina kifuniko, nyingine imefungwa kwa waya. Zilifanya kazi isiyo na malipo. Kuna watafiti wanaochunguza protini za misuli, na hesabu zao ni kubwa mno kwa mashine moja. Wanazikata vipande, wanavitawanya kwa watu wanaojitolea duniani kote, na kila mmoja anarudisha jibu la kipande chake.

Fundi hakujitolea kwa kupenda sayansi. Mke wake, mshonaji, anaugua ugonjwa wa misuli usio na tiba. Ulianzia vidoleni, sindano ikawa inamponyoka. Sasa yuko kitandani chumba cha nyuma, na kinachotutenga naye ni pazia tu.

"Nilijua dawa haitapatikana kesho," ananiambia. "Lakini nikae tu nimwangalie? Nilishindwa."

Mkewe aliomba daftari. Kila kipande kilipotumwa, fundi alipaza sauti, naye huko nyuma akachora mstari mmoja. Ikawa ndiyo kazi yake iliyobaki, na aliipenda.

Wiki ya pili tu, fundi akaingiwa na pupa. Alizikaza kompyuta ziende kasi kuliko zilivyotengenezwa, joto likapanda, vipande vikaongezeka. Mashine hazikuzima, na kwa fundi huyu kompyuta isiyozima ni kompyuta nzima.

Kumbe kuna mahali hakutazama. Kila kipande hupewa watu wawili wasiojuana. Majibu yakilingana, kipande ni halali. Yakipishana, anaitwa wa tatu aamue. Fundi alikuwa akiangalia orodha ya vilivyotumwa tu. Siku alipofungua ukurasa wa uthibitisho, alikuta neno moja limejipanga kutoka juu hadi chini: batili. Joto lilizifanya mashine zikosee hesabu kimyakimya, kwa miezi kumi na moja.

"Mwanzoni nilisema hao wenzangu ndio wamekosea," anasema na kucheka bila raha. "Watu wote hao wakosee, nipatie mimi tu. Akili gani hiyo?"

Kati ya vipande 2,316, vilivyopita ni 29, vyote vya wiki ya kwanza.

Akamficha mkewe habari hiyo. Kwa siku kumi na tisa aliendelea kupaza sauti, na mama wa watu akaendelea kuchora mistari. Nilipouliza kama niliandike hilo, akaniambia niandike, kwa sababu ameshamweleza mwenyewe na hataki kuficha tena.

Navuka pazia. Mwanamke amelala kiubavu, daftari karibu na shavu. Sauti ni ndogo lakini maneno yanatoka wazi.

"Cherehani ukiikimbiza inaruka mishono," anasema. "Angeniuliza, ningemwambia."

Kisha anamgeukia mumewe aliyesimama nyuma yangu. "Vipande havikuniuma, baba. Zile siku kumi na tisa ndizo ziliniuma. Nilikuwa nahangaika na kalamu, na wewe unajua ni bure."

Fundi anatazama sakafu. Na mimi, nikiri tu, nilitamani ningekuwa kwingine.

Walianza upya, kompyuta moja, mwendo wa kawaida. Mstari hauchorwi hadi uthibitisho urudi. Kwenye ukurasa mpya ipo kumi na saba, na mama anataka ifike mia. Kwa kipande kimoja kwa siku, hiyo ni karibu miezi mitatu mbele. Daktari, alipomwona mara ya mwisho, alizungumzia wiki, si miezi.

Saa nne kasoro, jibu linaingia: halali. Mtu asiyejulikana, mbali huko, amepata hesabu ileile. Fundi hapazi sauti tena. Anapita pazia, anapiga goti, anaweka kalamu kati ya vidole vya mkewe na kuvifumba kwa vidole vyake. Mstari unatoka umepinda.

"Bado themanini na mbili," mama anasema. "Na usiikimbize."