Ngozi ya Siku Tatu

Nilikwenda Ujiji kutafuta kitu kisichozidi upana wa sarafu: sili, ile pete ya kuzuia maji yasivuje, ya pampu ya maji ya gari la baba. Gari hilo lilinizidi umri, na kiwanda chake kilikuwa kimeacha kutengeneza vipuri vyake tangu nikiwa shule ya msingi. Baba alikuwa mgonjwa wa moyo, akiwa na ombi moja tu: aliendeshe mwenyewe, kwa mara ya mwisho, kutoka Tabora mjini hadi kijijini, kwenye kaburi la mama. Tulipomwambia tumkodie gari jingine alikataa. “Nilimleta mjini kwa hili akiwa bibi harusi. Nitakwenda kumwamkia kwa hili hili.”

Maduka ya Tabora yaliponishinda, dereva mmoja wa lori alinidokeza kwamba Ujiji kuna fundi mkimbizi anayechonga sili za ngozi. Nikaomba ruhusa ya siku nne shuleni nilikokuwa nikifundisha kemia, nikapanda treni.

Asubuhi, Kigoma. Miaka ile watu walikuwa wakivuka ziwa kwa maelfu kukimbia vita, na stesheni ilijaa magodoro, masufuria na watoto waliolala juu ya mabegi. Nilianzia Mwanga sokoni, kwa kuwa moyoni bado nilitaka kipuri halisi. Muuza vipuri aliigeuza sili yangu iliyopasuka, akamwonyesha jirani yake. “Mama, hii si ya duka, ni ya makumbusho!” Wakacheka wote wawili, nami nikaenda zangu Ujiji.

Adhuhuri nilibisha hodi kwa Bi Mwajuma, aliyewahi kuwa muuguzi pamoja na marehemu mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya Bahati? Siku hizi wageni wangu wote wana mikono ya grisi.”

Bahati, ndiye yule fundi mkimbizi, mtu wa Uvira ng’ambo ya ziwa, alikuwa akifanya kazi uani kwake kwa kibali cha kutoka kambini, ambacho kilikuwa kinakwisha wiki ile ile. Aliinusa sili ya zamani, akaipima kwa uzi, kisha akakata viduara viwili vya ngozi ya ng’ombe na kuvitumbukiza katika kopo la mawese lililokuwa juu ya makaa hafifu. Nilidhani cha pili ni cha mteja mwingine.

“Siku tatu, mama,” alisema.

“Treni yangu ni kesho.”

“Ngozi haina treni. Kama haijashiba mafuta, itakunywa maji. Ikinywa maji itavimba, ikivimba itapasuka.”

Nilimweleza, kwa sauti ya darasani, kwamba joto huharakisha mambo, aongeze makaa.

“Mwalimu, moto ukizidi, ngozi inakuwa chapati kavu.”

Bi Mwajuma akadakia kutoka jikoni, “Msomi huyu! Hata mimba angeiharakisha.”

Sote tulicheka. Hata hivyo, kesho yake niliidai ngozi yangu. Bahati aliifuta taratibu, akanikabidhi. Ningeweza kumpigia simu mkuu wa shule kuomba siku mbili zaidi, angenipa. Sikupiga, kwa sababu niliona haya kusema kwamba nangojea ngozi.

Tabora, Jumamosi. Sili ilikuwa imekwishafungwa, na baba alivaa koti lake la harusi. Aliendesha vizuri, akinieleza kila daraja. Tulipovuka nusu ya njia niliuona mshale wa joto ukipanda, nikajiambia ni kipimo kibovu. Kisha mvuke ukafunika kioo, na injini ikapasuka kwa mlio ninaousikia hadi leo.

Baba hakuuachia usukani. “Imebaki umbali gani?”

“Kama maili nne.”

Alipiga honi mara tatu, ndefu. “Basi, amesikia,” akasema. Lori la mkaa lilituchukua kuturudisha mjini.

Siku mbili baadaye mhudumu wa treni aliniletea kifurushi kutoka kwa Bi Mwajuma. Aliandika kwamba Bahati amerudi kambini, na kabla ya kuondoka aliagiza nipelekewe ile ngozi ya pili iliyobaki koponi, kwani siku zake tatu zilikuwa zimetimia, nami bila shaka ningeihitaji.

Baba alifariki kabla ya mvua kwisha. Tulimzika kando ya mama, akafikishwa huko kwa gari la kukodi.

Nilikuwa nimedhani elimu yangu inajua zaidi ya kopo la mawese. Baada ya mazishi niliitumbukiza ngozi ile ya pili katika bakuli la maji, nikaiacha mchana kutwa. Jioni niliitoa, nikaipangusa, nikaikunja kati ya vidole. Ilikuwa laini, na haikuwa imekunywa hata tone.