Plau Iliyong'oa Bikoni

"Umesikia? Baba Plau karukwa na akili. Kalima viwanja vya watu, mama, vyote mpaka kule kwenye miti, na bikoni kazing'oa kama anachimba mihogo!"

Aliyeniambia hivyo ni jirani yangu mwenye duka. Nilikuwa nimekwenda kununua sabuni, mwanangu mgongoni. Alikuwa anapima sukari na hakuinua macho. Akasema mzee amefanya makusudi, ana kinyongo na walionunua ardhi, na alikuwa anaisubiri mvua ya kwanza ili udongo ulainike. Kinyozi, aliyekuja kutafuta chenji, akadakia.

"Mimi nimeambiwa alikuwa anaimba."

"Anaimba?"

"Anaimba kabisa. Kwa sauti."

Mwenye duka akafunga kifuko cha sukari, akakikaza fundo. "Si nilisema? Mtu mzima anaongea na ng'ombe kuliko anavyoongea na watu, hapo kuna kitu."

Nilichukua sabuni yangu nikaondoka. Sikubishana nao. Asubuhi ile nilikuwa nje naanika nepi, na niliona kila kitu tangu mwanzo. Mzee hakuimba.

Baba Plau ana jina lake, lakini hapa kwetu sijawahi kumsikia mtu akiliita. Anaishi kwenye chumba kimoja chenye ukuta wa udongo na bati lililoshikiliwa na mawe, na zizi limeegemea ukuta huohuo, kiasi kwamba akilala anawasikia maksai wake wakicheua. Mkewe alihamia kwa binti yao kulea wajukuu, akaenda mazima. Shamba la kwake mwenyewe hajawahi kuwa nalo. Kazi yake ni kulimia watu. Mwenye shamba anamwita, anakuja na maksai wawili, nira na plau, anapasua ardhi, anakwenda zake.

Hapa tunapokaa palikuwa shamba moja la mama mmoja mjane, limeanzia kwenye njia ya bombani likaishia kwenye mstari wa miti. Baba Plau ndiye aliyelilima miaka yote. Yule mama alipofariki, watoto wake waligawana. Mmoja akauza fungu lake, wa pili akaona mwenzake amepata bati jipya naye akauza, na waliobaki hawakukaa sana. Mpimaji akaja na vijiti vyake. Zikasimamishwa bikoni, yale mawe ya saruji yenye namba, moja kila kona ya kiwanja. Na sisi tulinunua, kile cha pembeni, vyumba viwili na choo. Mume wangu anafyatua matofali, kwa hiyo ukuta haukutusumbua. Mpaka leo mvua zikianza, nyuma ya bafu langu huota mahindi ambayo hakuna aliyeyapanda. Nayang'oa yakiwa madogo, maana yanaleta mbu.

Maksai wake wanaitwa Mwenyekiti na Katibu. Mwenyekiti ni mwekundu, pembe moja imepinda kuelekea jichoni. Katibu ni mweusi, mpole, na anapenda kulamba kuta zetu mpya. Siku moja mwenyekiti wetu wa mtaa, yule wa kweli, alimkuta mzee njiani na fimbo yake akasimama.

"Mzee, unamchapa Mwenyekiti hadharani?"

"Simchapi, mheshimiwa. Namkumbusha tu."

Watu waliicheka hiyo wiki nzima. Mwenyekiti mwenyewe alicheka pia, ila kidogo.

Sasa siku ile. Kuna nesi mmoja amenunua kiwanja katikati, bado hajapata fedha za kujenga. Akaona kisikae bure, akamwomba Baba Plau amlimie apande mahindi ya msimu mmoja. Ndiyo kazi pekee aliyoipata mzee msimu huu. Alikuja mapema. Nilimwona akiwafunga nira taratibu, akiwapapasa shingo mahali nira inapokaa, halafu akaishindilia plau ardhini kwenye ukingo wa kiwanja cha nesi, akawaita. Wakavuta.

Kiwanja ni kifupi. Hawajakaa sawa, bikoni ya upande wa pili hii hapa.

"Haa! Simama! Simama, Katibu!"

Hawakusimama. Masikio yao yaligeuka, walimsikia, lakini waliendelea kuvuta. Ardhi ilikuwa mbichi na wao hawakuwa wamefanya kazi tangu msimu uliopita. Plau ikaidaka bikoni ikairusha pembeni na udongo wake. Mzee alijilaza nyuma na uzito wake wote, miguu ikateleza, kofia ikaanguka. Wakavuka kiwanja cha nesi, wakaingia cha mwalimu, wakapita nyuma ya nyumba ya bwana mmoja mwenye biashara ya magari, mstari umenyooka kama umepigwa kamba. Walipofika kwenye miti wakageuka wenyewe, bila kuambiwa, kama walivyogeuka hapo miaka yote, wakaanza kurudi na mstari wa pili. Hapo katikati ndipo mzee alipoiachia plau akawapita mbio, akasimama mbele yao akiwa ameinua mikono yote miwili. Wakasimama, wanahema.

Nilikuwa nimeshika nepi, maji yananitiririka kwenye kiwiko. Alipita karibu yangu akirudi kuokota kofia.

"Nimewafundisha mwenyewe," aliniambia. "Ukisimama katikati ya mstari plau inazama, mstari unaharibika. Tangu wakiwa ndama nimewafundisha wasisimame mpaka kwenye miti. Hata nikiita. Hata nikiwachapa."

"Pole, baba."

"Haya, mama." Akaivaa kofia ikiwa na matope.

Wenye viwanja walikuja jioni, wengine na magari. Bwana wa magari alisimama mahali anapodhani ni kona yake, jirani yake naye akasimama palepale, wakaanza kusukumana kwa maneno. Kila mmoja alikuwa na kona yake kichwani, na jiwe la kuthibitisha halipo. Wengine walikuwa wamejiokotea bikoni wakizizungusha mikononi wakitafuta namba. Ikabidi mpimaji aitwe tena.

Kesho yake tuliitwa ofisi ya mtaa. Ni chumba kimoja chenye meza na benchi mbili, tuliobaki tulisimama mlangoni. Nilikwenda kwa sababu mume wangu alikuwa kazini na ilitakiwa kila nyumba ipeleke mtu. Nesi alijaribu kusema kwamba yeye ndiye aliyemwita mzee, kwamba kosa ni lake pia. Sauti yake ikamezwa na za wengine.

"Leo bikoni, kesho ukuta wangu!" alisema bwana wa magari. "Na hayo mavi mlangoni? Nimejenga nyumba au nimejenga zizi?"

Mwenyekiti wa mtaa aligonga meza. "Mzee wangu, tuelewane. Zamani hapa palikuwa shamba. Sasa hapa ni makazi. Ng'ombe hawaruhusiwi kwenye makazi."

"Hata mimi nakaa hapa," alisema Baba Plau.

Watu waliangua kicheko. Nadhani walidhani anatania. Yeye alikuwa anaangalia mikono yake.

Ikaamuliwa maksai waondoke kabla mpimaji hajarudi. Mzee akikutwa nao baada ya hapo, hata zizini, ofisi itawachukua. Mwenyekiti alimwuliza kama amesikia, akasema amesikia. Kila mtu akaenda kupika.

Nilimwona akihangaika, kwa jinsi anavyohangaika yeye, yaani bila kelele. Alikwenda kwa kaka yake, safari ya kutwa, kuuliza kama anaweza kuwapeleka huko. Alirudi peke yake na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa bombani.

"Kaka hajambo?"

"Hajambo. Shamba amewakodisha watu wa miti ya nguzo za umeme. Miti imepandwa mpaka dirishani. Jani la kuchungia hakuna." Akanywa maji kwa kiganja. "Kuku ndio wanakula ndani, juu ya meza."

"Juu ya meza, baba?"

"Wana adabu kuliko shemeji yangu."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

Mume wangu naye alimwonea huruma. Akamtafutia mkokoteni, akamwambia awafundishe maksai kubeba mchanga wa matofali, labda kazi ikionekana, mwenyekiti atalegeza. Walijaribu asubuhi moja. Mchanga ulipakiwa, maksai wakavuta vizuri tu, wakanyoosha njia. Kwenye kona ya kwa kinyozi walitakiwa kukata kushoto. Hawakukata. Walipita moja kwa moja kati ya nyumba na nyumba, uchochoro ukawa mwembamba, mkokoteni ukakwama kwenye kuta mbili, na kinyozi akatoka na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Ilibidi mchanga wote umwagwe pale ndipo wachomolewe.

Jioni mume wangu alikula kidogo tu. Nilipomuuliza akasema, "Wale wanatafuta miti, mama. Popote ukiwapeleka wao wanatafuta miti." Akaosha mikono akalala.

Sijui niseme nilisikia nini siku zile. Nilitaka nione uchungu, maana ni mzee wa watu na hajanikosea. Lakini nilikuwa nafua, nampa mtoto ziwa, namenya viazi, na kila nikitupa macho dirishani naona ule mstari wake umekatiza viwanja, umeanza kukauka. Nilikuwa nauangalia hivyohivyo. Wakati mwingine mtoto analia na mimi bado nauangalia.

Mchuuzi wa ng'ombe akaja. Aliwafungua midomo, akawabonyeza mgongoni kwa dole gumba, akauliza wana umri gani ingawa meno alishayaona.

"Wana kazi nzuri," alisema Baba Plau. "Huyu mwekundu anakanyaga ndani ya mtaro, hatoki nje hata hatua moja."

"Mzee, mimi napeleka machinjioni."

"Najua. Nakwambia tu."

Wakakubaliana. Lori haliwezi kuingia kwetu kwa sababu ya mitaro ya misingi na marundo ya kokoto, kwa hiyo litasubiri barabara kuu, na mzee atawafikisha huko.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa namwogesha mtoto kwenye beseni mlangoni. Baba Plau alikuja amevaa shati safi. Maksai walikuwa nyuma yake, hawana nira, kamba moja imefungwa kwa wote wawili. Alipiga hodi ingawa tulikuwa tunatazamana.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mwenzio yupo?"

"Kashaondoka."

Akatikisa kichwa. Katibu alisogea akaanza kulamba ukuta. Mzee hakumzuia. Nilimfunga mtoto kitambaa, nikamkausha kichwa, nikasubiri. Kwa mbali lori lilipiga honi, mara moja, halafu tena.

"Nimetoka nao mpaka pale," alisema, akionyesha mwanzo wa uchochoro. "Mimi nimeshika kamba. Wameona niko mbele yao asubuhi, udongo umelowa, wakanyoosha shingo. Yule Mwenyekiti kaanza na kukoroma vile anavyokoroma. Wanadhani tunakwenda kulima."

Nilisema, "Eeh."

"Siwezi kufika nao barabarani wakiwa wanatembea hivyo, mama."

Alinyoosha mkono wenye kamba.

"Nakuomba unipelekee wewe. Wewe hawakujui kwa kazi, watatembea kama ng'ombe tu. Usiwaambie neno lolote, vuta tu. Mtoto niachie mimi."