Maharage ya Mama Kuvuka Ohio

Ijumaa moja ya Aprili 2015 nilitoka Louisville asubuhi, maharage ya mama yakiwa kifuani mwangu ndani ya kitambaa. Mama alifariki Buffalo mwezi wa Januari, miezi mitatu tu baada ya kufika kutoka kambini Kigoma. Mbegu hizo alizishonea kwenye pindo la kitenge, na nasema kweli, kwenye karatasi za uwanja wa ndege hakuziandika. Zilikuwa konzi moja. Nyingine hakuna.

Kwetu Warundi, mtu akifa nyumba yake haipandi kitu mpaka siku ya kuganduka, ndiyo kuondoa matanga. Siku hiyo mtoto wa kwanza anatia mbegu ardhini, na wengine wote wanafunguliwa. Mtoto wa kwanza ni mimi. Siku niliichagua mwenyewe, maana Louisville mvua ilinyesha wiki nzima na miti ilikuwa imejaa majani. Nilimpigia baba mdogo aliyekuwa Buffalo nikamwambia, "Mvua zipo, tupande Jumamosi." Akakubali. Tangu afike Marekani alikuwa kiwandani Tonawanda, jembe hajalishika.

Huzuni nilikuwa nayo, lakini sitadanganya, safari ilinichangamsha. Niliishia darasa la sita, na sikuwahi kuvuka jimbo la Ohio kwa gari kutoka mwanzo hadi mwisho; mazishini nilienda kwa ndege, nikarudi na mbegu. Kwenye daraja la Cincinnati nilipunguza mwendo. Chini mto ulikuwa mpana, maji ya rangi ya udongo. Mama mmoja wa kazini, mweusi mzaliwa wa Kentucky, aliwahi kuniambia kuwa watumwa walivuka mto huu kwa siri, kwa sababu ng'ambo hapakuwa na utumwa. Wengine hawakusimama mpaka ziwa la kaskazini, wakalivuka na kuingia Kanada. Nikaukumbuka mto Malagarasi, tulivyouvuka tukikimbilia Tanzania, mama akinibeba mgongoni. Nikapiga honi kama mtu wa harusi, peke yangu garini.

Baada ya hapo vilima vilianza kupungua, mashamba yakafunguka. Sijaona ardhi iliyolala namna ile. Nilitamani kusimama niishike.

Columbus nilimpitia mdogo wangu mtaa wa Clintonville, alikokuwa anamtunza mzee wa Kizungu aliyekuwa mwalimu zamani. Nilimuuliza mzee kuhusu mashamba yale. Akaomba ramani. Alisema barafu nene ilishuka kutoka kaskazini ikasaga vilima, na ilipoishia ndipo vilima vinapoanza. Udongo iliouacha ndio unaotoa mahindi na soya. Juu ziwani, meli zilileta mawe ya chuma, yakakutana na makaa ya mawe, viwanda vikazaliwa. Mdogo wangu alitafsiri mpaka akachoka.

"Dada, hata chai hujanywa, unauliza barafu."

Kisha mzee akauliza kitambaani kuna nini. Nilipomwonyesha alitikisa kichwa.

"Anasema Buffalo yatakufa," mdogo wangu akasema.

"Mwambie mvua zipo."

"Anasema si mvua. Ni baridi ya ardhini. Mpaka Mei iishe."

Nilikifunga tena kitambaa. Watu walikuwa wameshaomba ruhusa kazini, wengine wamebadilishana zamu. Kuwakusanya tena kungekuwa vigumu, na mbegu zikifa hakuna mahali pa kuzitafuta.

Tukaendelea wawili, mimi na mdogo wangu. Mzee alikuwa sahihi, na niliona kwa macho yangu: kila tulivyopanda kaskazini, majani yakawa machipukizi, machipukizi yakawa matawi matupu. Tulipoliona ziwa, halina ng'ambo, mdogo wangu alinishika mkono, na kwa muda nilisahau mbegu.

Kesho yake Buffalo, upande wa East Side, theluji nyepesi ilikuwa inaanguka. Watu walisimama uani, vitenge chini ya makoti. Baba mdogo alinipa jembe jipya.

"Panda, mwanangu. Hii nayo ni mvua, inachelewa tu kuyeyuka."

Wakacheka. Nilipiga jembe mara moja, nikaushika udongo: baridi kama barafu. Nikasema mbele ya wote, "Nimekosea. Nilihesabu mvua, sikuhesabu baridi."

"Basi matanga yabaki?" baba mdogo akauliza. Hakuwa anacheka tena.

Mama mmoja wa kanisani, jirani yetu wa kambini, ndiye aliyejibu. "Kule kambini tulikokatazwa kulima, mama yao alipandia wapi? Si kwenye makopo ya mafuta ya msaada?"

Hakuna aliyebisha. Ndoo za rangi zilipatikana, udongo wa mfuko ukanunuliwa dukani. Nilipanda sebuleni, viatu nimevua, mdogo wangu akimwagilia maji kwa kikombe. Baba mdogo aliomba, tukala.

Siku ya tisa baba mdogo alinipigia nikiwa kazini ghalani Louisville, msimamizi ananitazama.

"Yametoa vichwa, mwanangu. Manane bado hayajatoka. Niyafukue nione?"

Nikamwambia ayaache, asubiri.