Siku Nilipotafuta Kazi ya "Popote Ulipo" Nikaishia Ndani ya Tangi

Hii aibu nimeibeba miaka mingi, wacha leo niitue. Nilikuwa naishi Kisaju, nje ya Nairobi, niko na cheti cha kuchapa na sina kazi, na siku moja kwa saiba, duka la intaneti, ya Kitengela nikaona tangazo: kampuni inatafuta wachapaji wa kufanyia kazi nyumbani, popote ulipo nchini, unatumiwa kazi kwa imeili na kuirudisha kwa imeili. Nikasema hii ni yangu! Lakini nikijaza fomu, pale pa makao nikaona Kisaju itawatisha, nikaandika South B, mtaa wa Nairobi (uongo mdogo tu, si wamesema popote?).

Mahojiano yakawa ya simu, Jumanne asubuhi. Sasa Kisaju ya siku hizo network ilishika mahali pamoja, juu ya tangi la maji la jirani yangu Mama Naisula, kwa hivyo nikavaa sketi ya kanisa (kwa mahojiano ya simu, jamani!) nikapanda.

"Uko nyumbani South B?" madam wa kampuni akauliza.

"Ndio, madam. Huku ni kimya sana."

Hapo hapo ng'ombe za Mama Naisula zikafika kunywa maji, zikalia zote pamoja.

"Hiyo ni ng'ombe?"

"Ni televisheni ya jirani."

Mama Naisula akatoka mbio. "Mueni! Shuka kwa tangi yangu! Unataka kuoga na maji ya ng'ombe?" Watu wa kwenda sokoni wakasimama kutazama, mimi nikageuka kumpungia mkono anyamaze, kifuniko kikapasuka, nikazama mpaka kifuani, simu nimeiinua juu.

"Dada, uko wapi kweli?"

"Kisaju," nikasema, meno yakigongana.

"Hiyo ni wapi?"

"Ukipita Kitengela."

"Pole. Sisi huchukua watu wa Nairobi. Huko nje stima hupotea na network ni shida."

Aibu nilikuwa nayo, lakini hasira ikaishinda. "Mliandika popote! Hiyo popote yenu inaishia Athi River, hata Kitengela haifiki?"

Akakata simu.

Wale wa sokoni wakanivuta nje wakicheka mpaka machozi. Mama Naisula peke yake hakucheka.

"Wamekukataa juu ya ng'ombe zangu?"

"Hapana, mama. Juu ya Kisaju."

"Na maziwa wanakunywa ya wapi?"

Kazi ilipewa msichana tuliyesoma naye, anayechapa kwa vidole viwili, lakini anaishi Nairobi. Tangu hapo sijaficha kwangu tena. Fomu ikiuliza, naandika Kisaju kwa herufi kubwa, na wakitaka kunikataa, wanikatae nikiwa mkavu.