Misumari ya Mzee Kimya

Mtaani kote walimwita Mzee Kimya, na sijui kama kuna jina lililowahi kumwonea mtu kama hilo. Fundi makochi huyo hakuwa mpole wala mwenye maringo. Mdomo wake ulijaa misumari, basi. Kila asubuhi alichota konzi ya misumari midogo akaitia mdomoni, kisha akawa anasukuma msumari mmoja mmoja kwa ulimi na kuubana kwa meno mpaka mkono uje kuuchukua. Wateja waliondoka wakisifu ustaarabu wa fundi asiyepiga domo.

Mkewe alishona mito ya makochi palepale karakanani, na yeye maneno hayakumpungukia. Fundi alimjibu kwa nyundo: kugonga ubao mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ndoa waliiendesha hivyo, na hata ugomvi wao ulikuwa wa nyundo.

Kisha jino la mbele likaanza kucheza. Fundi akajikausha, akawa anatafuna upande mmoja na kulalamika kwamba nyama ni ngumu, hata siku ya maharage.

"Mume wangu, jino linakusumbua?"

Nyundo iligonga mara mbili.

"Twende kwa daktari."

Mara mbili tena, kwa nguvu. Mke akampokonya nyundo, na bila nyundo mzee wa watu hakuwa na cha kupingia.

Daktari wa meno, mama mmoja asiye na haraka, alichungulia mdomoni kwa muda mrefu.

"Baba, hili pengo dogo kwenye ncha ya jino limechongwa na nini?"

"Misumari."

"Na fizi nani kazichimba hivi?"

Fundi alitazama dari. Mke ndiye aliyejibu. "Akimaliza kula anachokonoa kwa msumari huohuo. Mswaki nao anausugua kama anatoa kutu."

Daktari alisema jino bado lina mshiko, ila likiendelea kubanishwa chuma litang'oka, na majirani zake watalifuata. Mswaki uwe laini, na mkono uwe mwepesi.

Fundi alirudi kazini mnyonge kabisa. Misumari ilimponyoka, akajigonga kidole, na kiti cha kazi ndogo kikamlia asubuhi nzima. Aliogopa kuwa kibogoyo, lakini kuwa fundi goigoi kulimtisha zaidi. Mkewe alimkuta anapeleka msumari mdomoni kwa siri. Hakumgombeza. Alichomoa sumaku kwenye spika mbovu, akaishonea ndani ya mkanda wa kitambaa, akamfunga mkononi. Misumari ikanasa yote, na fundi akacheka kwa meno yake yote.

Baada ya muda kasi yake ilirudi na jino likatulia. Siku moja mkewe aliinua mto, akauliza swali lake la kila siku.

"Mshono umenyooka?"

Nyundo ilipanda kwa mazoea, ikasita hewani.

"Umenyooka," fundi alisema. "Watu wanapenda makochi yangu kwa sababu ya mishono yako. Nalijua hilo tangu tulipoanza."

Mke aliinamia kitambaa. "Sikusikia. Cherehani kinapiga kelele."

Mguu wake ulikuwa umeshatoka kwenye pedali zamani, na karakana nzima ilikuwa kimya. Fundi aliliona hilo. Akaweka nyundo chini, akarudia yote.