Nukta Nyekundu za Baba

Juzi nilimkosea adabu fundi mmoja nyuma ya Mwembe Tayari. Alikuwa ameifungua injini ya gari langu, na kabla ya kuutoa mnyororo akachukua wino mweupe wa kufutia makosa, akatia nukta kwenye gia ya juu na nyingine kwenye gia ya chini. Nikainuka nikaondoka bila ya kuaga. Hakuwa na kosa lolote, maskini. Ni mambo yangu ya zamani, na kwa kuwa wewe ni mtu wangu, acha leo niyatoe.

Baba yangu alikuwa fundi wa injini Kibokoni. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha nyumba yetu, na gari likishaingia, mtu mnene hapiti tena. Asubuhi harufu ya mahamri ya mama ilishuka ngazi ikakutana na ya petroli, na mpaka leo mahamri yasiyo na petroli kwangu yamepungua kitu. Muuza kahawa akipita akigonganisha vikombe, baba hunyoosha mgongo, akanywa wima, akarudi kuinama. Mimi nilikuwa mwoshaji wa vyuma. Nikitoka shule navua sare, nakaa juu ya kidebe na karai la petroli mbele yangu, nasugua. Watu walimcheka baba kwa kumtia binti kwenye grisi, naye akiwajibu kuwa wanawe wangekuwa wanaume kumi, bado angenichagua mimi. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Kazi aliyoiheshimu kuliko zote ni kuoanisha kamshafti. Kamshafti huko juu ndiyo inayofungua na kufunga vali. Krenkshafti huko chini inapandisha pistoni. Mnyororo mmoja unazifunga pamoja. Zikipishana, pistoni inapanda na kuikuta vali ingali chini, na hapo chuma kinagonga chuma. Baba akisema injini ni swala ya jamaa, anayemtangulia imamu na anayechelewa wote wameharibu. Alama za kiwandani mara nyingi zilikuwa zimelika, hivyo kabla ya kufungua chochote alitia zake kwa rangi nyekundu ya kucha. Chupa ilikuwa ya mama, ambaye aliipaka zile siku chache za mwezi asizosali tu, na siku nyingine zote ilikaa karakana. Akishafunga, alizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, spana kwenye krenkshafti, kabla ya kugusa ufunguo. Hakuna gari lililotoka pale bila mizunguko ile miwili.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja jirani yetu alipoleta pikapu yake. Alikuwa akipakia mboga alfajiri, na watoto wake sita walikula kutokana na gari lile. Baba akaifungua, akatia nukta zake, akanipa vyuma nioshe. Nikaosha kwa sifa. Nilisugua gia kwa brashi ya waya hadi zikang'aa, na nilipoziinua kuzitazama, nukta zilikuwa zimekwenda na petroli chafu.

Ningemwambia, angekasirika nusu saa. Angetafuta njia nyingine ya kupima, ndiyo kazi yake. Lakini mimi nilikuwa yule binti anayewashinda wanaume kumi. Nikaichukua chupa, nikazitia nukta upya pale nilipodhani zilikuwa.

Ilikuwa Ijumaa. Baba alifunga gia na mnyororo akifuata nukta zangu, na alipomaliza, adhana ikaanza. Akanipa spana. Nizungushe mara mbili, taratibu, na ikikwama nisilazimishe, nimngoje. Akaenda kutawadha. Nikazungusha. Haikufika hata mzunguko mmoja, ikagota. Nilijua hapo hapo imegota kwa nini. Nikairudisha nyuma pole pole, nikaifuta spana, nikakaa kumngoja.

Alirudi kutoka msikitini na kanzu nyeupe, kofia kichwani, jirani nyuma yake.

"Imezunguka vyema, mamangu?"

"Naam, baba. Imezunguka."

Akawasha. Sitaueleza ule mlio. Injini ikafa, na jirani akashika kichwa kwa mikono miwili.

Baba aliifungua tena siku ile ile, bila ya kuvua kanzu. Vali zote zilikuwa zimepinda. Akaziinamia zile nukta nyekundu kwa muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Nilingoja anigeukie. Badala yake akamwambia jirani, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Nisamehe, ndugu yangu. Macho yangu yamekwisha. Alama nimezitia mwenyewe, na nimezitia kombo."

Jirani alisamehe, lakini barazani maneno kuwa fundi haoni yalishafika. Baba naye aliyaamini kuliko wao. Injini alizikataa zote, hata za waliombembeleza. Kabla ya mwaka kwisha akafunga karakana, akaenda kuwa bawabu wa fleti huko Ganjoni, akifungulia geti magari aliyoyajua yanaumwa nini kwa kuyasikia tu.

Macho yake hayakuwa na kitu. Miaka ishirini na mitatu niliishi naye nikilijua hilo peke yangu. Leo karakana ni duka la vinyago na mafuta ya kunukia, kuta zimepakwa chokaa, na ukisimama mlangoni hakuna kinachokwambia kuwa mtu aliwahi kuwa hodari mle ndani.

Tangu Ijumaa ile hakuvuka barabara bila ya kunishika mkono. Hakumeza kidonge kabla sijamsomea karatasi. Wiki ya mwisho, hospitalini, aliletewa uji, akauzungusha kwa kijiko, akanisogezea bakuli.

"Nitizamie wewe, mamangu," akasema. "Mimi siyaamini macho yangu."

Nikamtizamia, nikamwambia uji hauna kitu, na yeye akala.