Safu Niliyoifuta kwenye Ripoti

Hadi leo nikiona barua ya kujieleza, damu inanichemka.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo ya wakulima wa miwa, upande wa Navakholo. Tulikuwa na kompyuta nne, zote katika chumba cha masjala, na iliyotegemewa kuliko zote ilikuwa ya mama wa masjala, kwa sababu humo ndimo mlimokaa orodha ya mashamba na zamu za kukata miwa. Jumatatu moja ikakataa kuwaka. Kabla sijaifungua, meneja alikuwa ameshamwandikia yule mama barua: kufikia Ijumaa ajieleze kwa nini ameharibu mashine kwa kuchomeka flashi za wajukuu wake, la sivyo aende nyumbani.

Flashi! Mama ambaye hata simu yake aliishika kwa mikono miwili! Nilimwambia meneja mbele ya watu kwamba nitamletea ushahidi. Akacheka.

"Leta," akasema. "Ukikosa, mtatoka wawili."

Ushahidi ulikuwa mle mle kwenye mashine. Kila kompyuta huweka kumbukumbu za masasisho yake, yaani yale marekebisho inayojipakulia yenyewe kutoka mtandaoni: siku, saa, na kama yameingia au yameshindwa. Kuyasoma moja moja kunaumiza macho. Kwa hivyo niliandika skripti, programu fupi ya kukusanya historia yote na kuipanga katika jedwali, nikaiagiza ijiendeshe kila asubuhi kwenye mashine zote. Ile iliyokufa niliichomoa diski nikaisomesha kwenye yangu.

Jedwali likatoka. Imeshindwa. Imeshindwa. Imeshindwa. Zote baada ya saa tisa alasiri, na mashine ya mama ndiyo iliyozidi. Hapo hasira ikanipanda upya, maana ukutani palikuwa na amri ya meneja mwenyewe, kwa herufi kubwa: NGURUMO YA KWANZA, CHOMOA PLAGI. Kwetu hakuna anayebishana na amri kama hiyo. Radi imeua ng'ombe wa watu na kuunguza televisheni za watu, na mvua yetu ni ya alasiri. Wengine walijivuta kidogo, lakini mama alikuwa mtiifu. Sasisho likiwa nusu, plagi iko mkononi mwake. Siku nenda siku rudi namna hiyo, mashine gani haitakufa? Alikuwa anafukuzwa kwa kutii.

Nilikuwa karibu kuichapisha ripoti nilipoiona safu ya mwisho, ile inayoonyesha aliyepanga saa ya masasisho. Kila mstari ulikuwa na jina langu.

Saa tisa niliichagua mimi. Nilifundishwa Nairobi kwamba masasisho huwekwa wakati watu wamekwenda chai, nikarudi nikayapachika saa ya chai bila kufikiri. Mimi, mzaliwa wa Khayega, niliyekimbia kuanua mahindi uani kila alasiri ya utoto wangu! Nilijiita mjinga kwa sauti. Kisha nikaifungua skripti, nikafuta neno moja, na ile safu ikatoweka.

Ijumaa nilimfokea meneja kikaoni kuhusu amri yake, nikampigia karatasi mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akasoma maelezo ya mama kwa sauti. Yalikuwa mafupi. Aliandika kwamba hakuchomeka flashi yoyote, na kwamba alichomoa plagi ngurumo ilipolia kama alivyoagizwa. Basi.

Nilimtazama mama. Siku niliyopanga ile saa nilimwambia asiiguse mashine wakati huo, naye akaniuliza, "Lakini mwanangu, saa tisa si ndio mvua inakujanga?" Nilimcheka. Nilimjibu kwamba mvua hainyeshi ndani ya kompyuta. Alikuwa na maneno hayo yote ya kujiokoa, na hakuandika hata moja.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Saa tisa niliipanga mimi," nikasema. "Nimeitoa kwenye ripoti. Na mama alinionya."

Barua ile haikutupwa. Iliandikwa upya alasiri hiyo hiyo, jina langu mahali pa jina lake, nami nikapewa wiki moja. Amri ya ukutani haikuguswa na mtu. Nilirudi masjala na hasira yangu, nikairudisha ile safu kwenye skripti, kisha nikachukua kalamu nikaanza kuandika maelezo yangu: meneja hivi, meneja vile, ukurasa mzima. Nje kukanguruma. Mama akainuka, akachomoa plagi zote nne, akavuta kiti akaketi kando yangu. Aliusoma ule ukurasa polepole, akaukunja, akanipa karatasi nyingine.

"Andika yako peke yake," akasema. "Mimi hufanyanga hivyo."